Mkono wa Nancy na Barua ya Agneta

Mliponiomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya maabara, nilijua mnachotaka. Mnataka niwasimulie darubini ya kioo, sindano za kuchemshwa na slaidi tulizosoma stima zikiwa zimepotea, halafu mseme "wazee waliteseka kweli" na mrudi kwenye mashine zenu zinazojisomea zenyewe. Hayo nitayatia. Vyeo na mishahara mkaulize ofisini. Lakini mimi nimekuwa mtu wa wivu tangu nijijue, na siwezi kusimulia kazi yangu nikauacha wivu nje kama mwavuli.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini katika zahanati ya kanisa pale Kambi Muru. Nilikuwa nimetoka Kitui na cheti kipya na viatu vya dada yangu. Dada alikuwa amepanga Kawangware, nami nikapanga mlango wa pili. Kila asubuhi nilikata Riruta kwa miguu, nikavuka Ngong Road, nikateremka Kibera, na kukiwa kumenyesha viatu vinatoka mguuni vinakuja mkononi. Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja, meza ndefu ya saruji, jiko la mafuta taa, na mashine ya kutenganisha damu tuliyoizungusha kwa mkono mpaka bega liwake. Na ndani ya chumba hicho alikuwamo Mzee Barasa.

Mzee Barasa alikuwa amefanya kazi za maabara tangu mimi sijazaliwa. Siku yangu ya kwanza hakunisalimia sana. Aliweka slaidi chini ya darubini akasema, "Haya, unaona nini?"

Nikaangalia. Nikajivuna kidogo. "Malaria, mzee."

"Sijakuuliza ugonjwa. Nimekuuliza unaona nini."

Asubuhi nzima alinikalisha hapo nikitaja rangi, duara na nukta, na kila nikitaja jina la ugonjwa ananirudisha mwanzo. Nilimchukia mpaka saa ya chai. Kufikia jioni nilikuwa nampenda kama baba yangu. Kwa hivyo mjue, huyo mzee nilimtaka awe wangu peke yangu.

Darubini yetu haikuwa na balbu. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza mpaka kinase mwanga wa dirishani. Anayeketi dirishani ndiye anayeona vizuri. Aliyeketi ndani huona kivuli cha mgongo wa mwenzake. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Mzee Barasa, na mimi nilikingoja miaka mitatu. Niliosha slaidi, nilichuja rangi za kutia kwenye slaidi, nilibeba makohozi ya kifua kikuu bila kukunja uso. Mzee alikuwa akiniambia, "Mutheu, siku moja," na hamalizi. Mimi nilimalizia mwenyewe moyoni.

Halafu akaletwa Agneta.

Agneta alitoka Vihiga. Mrefu, meno yamepangana vizuri, na kicheko kinachosikika mpaka foleni ya wajawazito. Kabla hajamaliza mwezi wagonjwa walishaanza kuchungulia mlangoni: "Yule Sista wa kucheka ako wapi?" Pale kila mwanamke mwenye koti jeupe alikuwa Sista. Mimi nikisimama na sindano tayari, mtu mzima ananiambia, "Wacha tu nimngojee." Kunichoma hivyo mbele ya watu! Na sikuwa na mkono mbaya, jamani. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake. Ni uso tu.

Kabla ya mwaka kuisha, Mzee Barasa alimkalisha Agneta dirishani. Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema, "Macho yake hayana haraka." Roho iliniuma nikatoka nje, nikajifanya naenda kumwaga ndoo. Niliimwaga ikiwa na maji safi.

Sasa nije kwa Nancy, maana ndiye sababu ya maneno haya yote.

Nancy alikuwa msichana wa miaka kama minane, wa Soweto, mtaa wa kule chini Kibera. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, mama yake aliuza mboga mlangoni. Mtoto alikuwa na utando mweupe mdomoni ambao haukuisha. Unapakwa dawa ya rangi ya zambarau, unapungua, wiki mbili umerudi. Kucha zake zilikuwa nene, zimekatikakatika, rangi ya mahindi makavu. Tena alikuwa anaanguka na kukakamaa, kwa hivyo alikuwa anapewa dawa ya kifafa, ambayo ilimfanya alale darasani na bado aanguke.

Mnakumbuka, au mlisimuliwa, miaka ile ilivyokuwa. Mdomo mweupe kwa mtoto wa Kibera ulikuwa na jina moja tu. Tulipeleka damu yake hospitali kubwa, jibu likarudi baada ya wiki mbili: hana ukimwi. Tukapeleka tena. Hana. Mara ya tatu, hana. Mnadhani tulisema basi, hana? Tulisema mashine ya huko imekosea.

Tulikuwa na desturi. Neno lenyewe hatukuliandika kwenye kadi. Tuliweka nukta nyekundu kwenye kona ya juu, ili mwenzako akiiona avae glavu mbili. Tulidhani ni siri yetu, lakini wale wamama wa foleni wangekaa wakitazama kadi za wenzao saa tatu nzima wasijue? Walijua nukta hiyo kabla hata ya daktari mpya kujua. Nukta ya Nancy niliiweka mimi, kwa biro yangu, na majibu yaliporudi matatu yote safi sikuifuta. Nilisema tungoje.

Tulipokuwa tunangoja, jirani aliacha kumkopesha Mama Nancy beseni. Baba Nancy akasema huo ugonjwa yeye hakuuleta, labda mwenzake anajua alikoutoa, akachukua mwiko na timazi yake akahamia Kawangware. Nilikuwa nakutana naye asubuhi nikija kazini. Tunasalimiana vizuri.

Kumtoa Nancy damu kulikuwa kazi. Mishipa ilikuwa myembamba, inakimbia. Mpira wa kufungia mkono ulikaa muda mrefu huku nikitafuta, na kila mara, kabla sijachoma, mkono wake ulijikunja. Kifundo kinapinda, kidole gumba kinaingia ndani, vile vingine vimenyooka vimeshikana, kama mtu anayechukua chumvi kidogo kwenye kibakuli. Nilidhani ni ukaidi.

"Nyoosha mkono! Unanikunjia mkono kwa nini?"

"Si mimi, Sista," alisema. "Ni mkono."

Ati ni mkono! Nilimpiga kofi dogo la vidole, nikaunyoosha kwa nguvu, nikatoa damu niliyoitaka. Hivyo mara tatu kwa ajili ya vile vipimo, na mara nyingine za malaria ambazo sikuzihesabu. Ningeulizwa niliona nini, ningesema niliona mtoto mjeuri.

Siku moja ya mvua nilichelewa. Nilipofika nikiwa nimelowa, Nancy ameketi kwenye stuli, Agneta amepiga magoti mbele yake, na Mzee Barasa amesimama na miwani mkononi. Agneta alikuwa amefunga mpira, mkono ukajikunja, na yeye badala ya kumgombeza mtoto alimuuliza, "Inauma?" Akafungua, akangoja, mkono ukalegea wenyewe. Akaleta mashine ya presha, akaujaza mkanda, akatazama saa ya ukutani. Kabla ya dakika tatu mkono ulikuwa umejikunja vilevile.

"Mzee, hii si kifafa," Agneta alisema. "Akili yake iko sawa, anaongea na mimi, lakini mkono umeenda."

Mzee Barasa alinigeukia. "Mutheu, wewe ndiye humtoa huyu mtoto damu. Hujawahi kuona hii kitu?"

"Sijawahi," nikasema.

Nilidanganya papo hapo, na mtoto yuko hapo. Nancy aliniangalia. Hakusema kitu, alikuwa mtoto wa kulelewa vizuri.

Bwana Omondi, klinikal ofisa wetu ambaye Kibera nzima ilimwita daktari, aliandika barua, na mtoto akapelekwa hospitali kubwa. Damu yake ikapimwa kalsiamu, ikakutwa iko chini kabisa. Ndiyo iliyokuwa ikimkunja mkono na kumwangusha. Alipewa tembe za kalsiamu na vitamini, dawa ya kifafa ikaachwa pole pole, na akaacha kuanguka. Daktari wa watoto wa kule, mama mmoja mpole, alipounganisha mdomo, kucha na kalsiamu, aliuliza ni nani aliyeona mkono. Akamwita Agneta aende awaeleze madaktari. Agneta wetu, wa mabati, kusimama mbele ya madaktari! Alirudi na pakiti mbili za biskuti akagawa wakati wa chai. Yangu sikuila. Niliifunga kwenye karatasi nikampa mtoto wa dada.

Ningeweza kusahau biskuti. Lakini wiki hiyohiyo Agneta alitoka na kadi ya Nancy mpaka kwenye foleni, akasimama mbele ya Mama Nancy, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Nancy, mtoto wako hana ukimwi. Hakuwa nao jana, hana leo. Hii kitu hapa kwa kona ni makosa yetu, si yako." Akaikata nukta kwa biro ya buluu. Mama Nancy alijifunika uso na leso akalia, na yule jirani wa beseni alikuwa hapo, macho chini. Agneta alijua nukta ile ni ya biro yangu. Alipopita akirudi ndani hakunitazama hata kidogo. Afadhali angenitusi.

Mzee Barasa alistaafu mwaka huo. Darubini alimkabidhi Agneta. Mimi aliniachia stuli.

Ikaja mvua ya elninyo. Waliokuwa Nairobi wanajua, hakuna haja ya kuisimulia sana. Kibera ilikuwa matope mpaka magotini, vyoo vinafurika, na sisi tunapima kipindupindu, malaria na taifodi mpaka macho yanawasha. Katikati ya hayo, baba yake Agneta alifariki, akaenda kwao kuzika. Alisema atakaa wiki mbili. Maji yakabomoa barabara, wiki mbili zikapita, Agneta hajaonekana.

Alipokuwa huko, dereva wa hospitali kubwa alileta barua. Bahasha ilikuwa na jina la Agneta, limepigwa chapa vizuri. Ningependa kuwaambia kwamba mvua ilikuwa imelegeza gundi. Haikuwa mvua, kilikuwa kidole gumba changu.

Ilikuwa barua ya yule daktari wa watoto. Alianza kwa kumsifu. Aliandika kwamba macho kama yale ni machache hata kwa madaktari. Niliusoma mstari huo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu akaeleza. Alisema watafiti ng'ambo wamepata jeni, na jeni hiyo ikiharibika ndipo watoto wachache wanakuwa kama Nancy. Nitawaeleza nilivyoelewa, nyinyi mliosoma mtanisahihisha. Kinga ya mwili ni askari. Kabla ya kupewa doria wanafunzwa mahali nyuma ya mfupa wa kifua, na jeni ile kazi yake ni kuwaonyesha sura za watu wa nyumbani: huyu ni wa shingoni, huyu ni wa figo, wa hapa hapa, msimguse. Jeni ikiwa mbovu, askari wanatoka shuleni bila kuwajua wenyeji. Wanawapiga wa nyumbani. Kwa Nancy walishazipiga tezi ndogo za shingoni zinazochunga kalsiamu, na hata fangasi wa mdomoni walipata nafasi kwa sababu ya vurugu hiyo.

Mwisho wa barua, amepigia mstari chini, aliandika hivi: askari hao mara nyingi hufuata tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Mkiona mtoto anachoka, anatapika, ngozi inakuwa nyeusi zaidi, hasa ufizi na mikunjo ya viganja, au anatamani chumvi kupita kiasi, msingoje. Mleteni. Akianguka, mpeni haidrokotisoni na maji ya chumvi na sukari kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo atakufa mikononi mwenu.

Nikaikunja. Nikaiweka kwenye droo yangu, chini ya boksi la slaidi. Nilijiambia ni barua ya mtu, mwenyewe akirudi ataisoma. Nilikuwa nimeshaisoma yote, lakini hapo ndipo nilipokumbuka adabu.

Mnataka kujua nilichokuwa nafikiria? Nilifikiria hivi: nikimpa Bwana Omondi, ataisoma asubuhi kwenye maombi ya wafanyakazi, mstari wa sifa na wote. Watapiga makofi na mwenyewe hayupo. Woi! Hilo tu. Hakukuwa na jambo kubwa kuliko hilo.

Siku kama kumi na nne baadaye Mama Nancy alikuja kuchukua tembe. Alikuja peke yake.

"Nancy hajambo?" nikamuuliza.

"Ako tu, Sista. Haanguki tena, Mungu ni mwema. Lakini amechoka chokachoka. Na sijui ni nini, siku hizi anakula chumvi! Nikigeuka ameingiza kidole kwa mkebe, analamba. Nimeficha, ametafuta."

Nilikuwa nahesabu tembe. Nikapoteza hesabu nikaanza upya.

"Na amezidi kuwa mweusi," akaongeza, akicheka kidogo, "na jua lenyewe hatujaona mwezi mzima."

Nilijua. Sitawaambia nilishuku, au niliwaza labda. Ile barua ilikuwa hatua mbili kutoka kwa mguu wangu na nilijua maneno yake kwa moyo. Nikamwambia, "Agneta akirudi mtaongea naye." Akasema asante. Aliweka tembe kwenye leso, akafunga fundo, akaondoka na matope yake.

Siku ya nne baada ya hapo, saa nne asubuhi, Nancy aliletwa na wilbaro kutoka Soweto. Mama yake alikuwa anasukuma pamoja na mwanamume mmoja wa jirani. Mtoto alikuwa ametapika tangu juzi, mikono baridi, macho yamerudi ndani, presha haisikiki. Bwana Omondi alisema ni malaria, maana msimu ule kila kitu kilikuwa malaria, akaniambia nisome slaidi haraka huku yeye anatayarisha kwinini.

Niliketi dirishani. Kiti cha Agneta, basi. Nikasoma slaidi uwanja baada ya uwanja wa darubini, mpaka mia.

"Hakuna malaria, daktari."

"Angalia tena. Mtoto anakwenda huyu."

"Nimeangalia. Hakuna."

"Basi ni taifodi, ni nini, mimi namwekea kwinini sasa hivi."

Mama Nancy alikuwa ameketi sakafuni, anasugua nyayo za mtoto kwa viganja, anasema jina lake tu, "Nancy, Nancy," kwa sauti ya kawaida, kama anayemwamsha aende shule. Ufizi wa mtoto ulikuwa mweusi. Nilienda kwenye droo.

"Soma hii kwanza," nikamwambia Omondi. "Mpe haidrokotisoni. Usimpe kitu kingine. Haidrokotisoni na dripu ya chumvi na sukari."

Tulikuwa na chupa chache za dawa hiyo kwa ajili ya watu wa pumu. Omondi alisoma mistari ya mwisho akiwa amesimama, akatupa kwinini kando, akachoma. Mshipa aliutafuta yeye, mimi nikashika chupa ya dripu. Dripu ikaanza kwenda. Baada ya muda ambao sijui ulikuwa kiasi gani Nancy aliomba maji. Tulimbeba, dripu imeshikwa juu, mpaka Ngong Road, maana hakuna gari lililoweza kuingia, na pikapu ya mkaa ikatupeleka hospitali.

Tuliporudi, Omondi aliifungua barua tena akaisoma kutoka juu.

"Hii barua ina siku kumi na nane, Mutheu."

"Ndiyo."

"Na jina si lako."

"Si langu."

Aliikunja vizuri akanirudishia. "Tutaongea," alisema. Hatukuongea. Alikuwa mtu wa kuogopa maswali kutoka juu, na zahanati ilikuwa na jina zuri. Kesho yake kwenye maombi aliwaambia wafanyakazi kwamba Mutheu ndiye aliyemjua mtoto wa Soweto ana nini, na makofi niliyoyaogopa yakapigwa, ila yalikuwa yangu. Mama Nancy alipotoka hospitali na mtoto mzima alinitafuta mpaka Kawangware, akaniletea kuku. Nilimchinja Jumapili. Alikuwa mtamu.

Agneta alirudi na kichwa kimenyolewa kwa msiba. Nilimpa barua ikiwa wazi. Aliisoma mara mbili, akaangalia tarehe, akauliza ilifika lini, nikamwambia. Aliirudisha kwenye bahasha. Halafu akasema, polepole, "Ulikuwa unaniadhibu mimi, ama mtoto?"

Alivaa koti lake akaenda dirishani, akageuza kioo, akaanza slaidi za asubuhi. Nilingoja aseme kwa watu. Nilingoja wiki, nikangoja mwaka. Alinisalimia kila siku, alinigawia mahindi ya kuchoma, na hakusema kwa mtu yeyote. Na mimi, badala ya kumshukuru, nilizidi kumwonea wivu. Angelikuwa ni mimi nimeshika siri yake, ningeishika wiki moja?

Mvua ilipoisha, yule daktari alikuja mwenyewe kukutana na wazazi wa Nancy. Damu ya familia ilikuwa imepelekwa ng'ambo na jibu limerudi. Baba Nancy aliitwa kutoka Kawangware, akaja na vumbi la mawe kwenye nyusi, akakaa mbali na mkewe. Daktari alieleza, na Agneta akamgeuzia kwa lugha ya kwao ili asije akasema hakusikia. Baadaye alinieleza alivyomwambia: kila mtu ana jeni hiyo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wewe una moja mbovu na moja nzima, mama yake vilevile, na ndiyo maana nyinyi hamkuugua. Nancy alipokea zote mbili mbovu. Nusu ni yako. Baba Nancy aliomba maji ya kunywa. Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala wiki hiyo, lakini alirudi.

Miaka mingine mnaijua, tulikuwa wote. Balbu ikaja kwenye darubini, mashine zikaja, vipimo vya dakika kumi vikaja, na Agneta akahamishiwa tawi la Kawangware, ambapo nasikia walimpenda kama kawaida. Niliwafundisha nyinyi kusema mnachoona kabla ya kutaja ugonjwa, na mlidhani ni maneno yangu. Niliwaacha mdhani hivyo.

Halafu mkanifanyia ile sherehe ya kuniaga. Mlimleta Nancy bila kuniambia. Mwanamke mzima, mwenye duka la vitambaa, anameza tembe zake kila asubuhi na kuishi. Alishika maikrofoni akasema, "Huyu mama ndiye sababu niko hapa. Wengine waliona ukimwi, yeye aliniona mimi." Mlisimama mkapiga makofi. Agneta alikuwa ameketi karibu na kreti za soda, amezeeka vizuri, na alipiga makofi kuliko nyinyi wote, akawa wa mwisho kuacha. Nilichukua maikrofoni nikasema asanteni, Mungu awabariki. Mlisema Mama Mutheu ameshindwa na machozi.

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne, baada ya chakula cha mchana, nilimpigia Nancy simu. Nilimwambia yote: barua, kidole gumba, droo. Nilimwambia na nukta, na kofi la vidole. Hakunikatiza. Nyuma yake nilisikia cherehani inafanya kazi, halafu ikasimama.

"Mama alikuambia nalamba chumvi?" akauliza.

"Aliniambia."

"Na ulikuwa umeshasoma."

"Nilikuwa nimesoma yote."

Nilidhani simu imekatika. "Na Sista Agneta," akasema, "alijua?"

"Alijua tangu siku aliyorudi."

"Sawa," Nancy akasema. "Wacha basi nimpigie Sista Agneta." Akakata.

Nilibaki nimeketi kitandani na simu mkononi. Nilikuwa nimetubu, nilikuwa nimesema ukweli wangu wote kwa mara ya kwanza tangu mvua ile, na hata hapo, Mungu anisamehe, kilichokuwa kinaniuma ni kwamba sasa hivi anaongea na Agneta.